Shajara ya Mradi: Paneli Zilizolala Mapaani

Wiki ya 1

Klabu yetu ya mazingira imekutana leo katika maabara ya fizikia, na mwalimu mlezi ametutaka tuandike shajara ya mradi tangu siku ya kwanza, ili wadogo zetu watakaoirithi klabu wajue tulifanya nini na kwa sababu gani. Mimi ni mwanafunzi wa Kidato cha Tatu na nimechaguliwa kuwa katibu. Tuko wanafunzi 14, wasichana 8 na wavulana 6, na sote tunakaa katika kijiji hiki cha kisiwa cha Pate au katika vitongoji vinavyokizunguka.

Mradi wenyewe ni kuwashawishi wazee wetu na majirani zetu watumie umeme wa jua badala ya mafuta ya taa. Nyumba nyingi za hapa bado zinaangazwa kwa kandili na vibatari, na sisi tunaosoma usiku tunaijua gharama yake vyema, kwa kuwa ukiinamia kitabu mbele ya kibatari kwa saa mbili, asubuhi ukipenga kamasi hutoka nyeusi. Mdogo wangu ana kovu la moto mkononi, alilolipata siku kibatari kilipopinduka mkekani. Kwa hiyo jambo hili kwangu lilianza nyumbani kabla ya kufika darasani.

Tumezungumza pia kuhusu makaa ya mawe, maana hakuna kijana wa Lamu aliyekua katika miaka hii asiyelijua neno hilo. Kituo cha umeme cha megawati 1,050 kilikusudiwa kujengwa Kwasasi, upande wa bara, na tarehe 26 Juni 2019 mahakama maalumu ya mazingira ikaifuta leseni yake. Wazee wetu walikipinga kwa ajili ya bahari, mikoko na samaki. Mwenzetu mmoja ameuliza swali ambalo limenikaa moyoni: ikiwa tulisema hatuutaki umeme wa makaa, je, tulisema tunautaka upi? Huko Langobaya, karibu na Malindi, kuna shamba la paneli za jua lenye uwezo wa megawati 40 ambalo limekuwa likipeleka umeme katika gridi ya taifa tangu mwisho wa mwaka 2021. Sisi hatuna shamba la namna hiyo, lakini jua la Langobaya ndilo hili hili linalotuchoma sisi.

Tumekubaliana kuchora mabango kumi, kuandaa hotuba fupi, na kuzunguka nyumba kwa nyumba tukiwaeleza watu faida za sola.

Wiki ya 2

Tumetembelea nyumba 31 kwa siku tatu, wawili wawili, msichana na msichana au mvulana na mvulana, ili tukaribishwe hata ndani. Tulikuwa tumejiandaa kujibu maswali ya watu wasioijua sola. Tuliyoyakuta hatukuyatarajia.

Katika nyumba ya tatu, bibi mmoja anayesuka mikeka alitusikiliza hadi mwisho bila kutukatiza, kisha akatuambia kwa upole, kwa lahaja ya kwetu ambamo jua ni yuwa: "Wajukuu wangu, yuwa langu liko darini mwaka wa pili huu, lakini taa haiwaki." Tulitoka nje tukatazama juu, na kweli, juu ya mabati palikuwa na paneli yenye ukubwa wa sinia mbili, imefunikwa vumbi na kinyesi cha ndege. Alikuwa ameinunua kwa kulipa pole pole, siku baada ya siku, kutoka kwa mchuuzi aliyepita na mashua na ambaye hakuonekana tena. Taa zilimwakia miezi saba. Baada ya hapo alirudi kwenye kandili, na ile pesa ikawa imekwenda.

Tulipoanza kuangalia mapaa badala ya kuangalia milango, tukaona kwamba katika zile nyumba 31, nyumba 12 zilikuwa na paneli, na kati ya hizo ni 4 tu zilizokuwa zikipata mwanga. Nane zilikuwa zimelala. Na kila nyumba yenye paneli iliyolala huwa na majirani watatu au wanne wanaoitazama kila wanapopita, na ambao wameshakata shauri lao bila kumuuliza mtu. Ami mmoja mvuvi alilisema wazi: "Hiyo sola tumeiona. Ni ya mwaka mmoya."

Wiki ya 3

Mkutano wa wiki hii umekuwa mgumu. Baadhi ya wenzetu walitaka tuendelee na mabango kama tulivyopanga, wakisema kwamba kazi ya kutengeneza mitambo si ya wanafunzi na kwamba tutaonekana tumeiacha kazi yetu. Wengine, nami nikiwamo, tuliona kuwa hotuba yoyote tutakayoitoa chini ya paneli nane zilizokufa itakuwa ni kuwatukana wenye paneli hizo. Watu wa hapa hawana shaka na jua. Wana shaka na kitu kilichowalia pesa kikanyamaza, na shaka hiyo ni ya haki.

Mwalimu hakutuamulia. Alituuliza tu kama kuna mmoja wetu anayejua kwa nini zile paneli zimekufa, na chumba kizima kikanyamaza. Basi tukaamua kwamba mabango yangoje, na kwamba kabla ya kumshawishi mtu yeyote tutafute kwanza sababu, nyumba kwa nyumba, kwa kipimo.

Mwalimu amempigia simu fundi mmoja wa Amu, yaani mji wa Lamu, mwenye leseni. Hapa nchini sheria haimruhusu mtu yeyote tu kufunga mitambo ya sola. Fundi hupewa leseni na Mamlaka ya Kudhibiti Nishati na Petroli kulingana na daraja lake. Fundi amekubali kuja pindi atakapopata nafasi, na ametufundisha kwa simu namna ya kupima bila kufungua wala kubadilisha chochote.

Wiki ya 4

Hii ndiyo wiki iliyotufunza zaidi, na nitaiandika kwa kirefu.

Tulichukua mita ya kupimia umeme kutoka maabara. Kabla ya kugusa betri yoyote tulivua pete, bangili na saa, kwa sababu chuma kikiunganisha vichwa viwili vya betri huweza kuwa chekundu kwa moto papo hapo. Mwalimu alisimama nasi katika kila nyumba. Tulianza na paneli zenyewe, mchana wa saa sita, tukiwa tumezipangusa kwa maji yasiyo na chumvi na kitambaa laini.

Paneli zote nane zilikuwa hai. Paneli ya kuchaji betri ya volti 12 huwa na vipande 36 vya silikoni vilivyofuatana kama shanga, kila kimoja kikitoa zaidi kidogo ya nusu volti, na ikipimwa bila kuunganishwa na kitu chochote hutakiwa isome karibu volti 20. Tulisoma 19.4, 20.1, 20.8, na kuendelea hivyo. Nilipomwambia yule bibi kwamba paneli yake haina ugonjwa wowote, aliniuliza mara mbili kama nina hakika, kisha akaenda kumwita jirani yake aje asikie.

Tulipofika kwenye betri ndipo tulipoliona kaburi. Betri ya volti 12 ya madini ya risasi na asidi ina vyumba sita, kila chumba volti 2.1, na ikijaa na kutulia husoma takriban 12.7. Katika nyumba tatu tulisoma volti 10.5 baada ya kuiacha betri ikipumzika, maana yake chumba kimoja kati ya sita kimekufa, na betri nzima haiwezi tena kufanya kazi. Katika nyumba nyingine mbili tulisoma chini ya 6.

Kisha tukauliza maswali, na majibu yalifanana mno. Betri mbili zilikuwa za gari. Betri ya gari ina bamba nyembamba, imeundwa itoe nguvu nyingi kwa sekunde chache za kuwasha injini na ijazwe tena mara moja. Ukiitoa umeme pole pole usiku kucha, kila siku, bamba zake huharibika upesi. Betri nyingine zilikuwa za aina inayofaa, lakini zilinyonywa hadi tone la mwisho. Betri ya risasi na asidi huishi muda mrefu ikiwa haitumiwi zaidi ya nusu ya ujazo wake, na kazi ya kile kidude kidogo ambacho mafundi hukiita kontrola ni kuukata umeme kabla betri haijakauka. Katika nyumba moja kijana wa nyumbani alikuwa ameunganisha televisheni moja kwa moja na betri ili kontrola isiikate katikati ya mechi. Alitueleza jambo hilo kwa aibu, na hatukumlaumu, kwa kuwa hakuna mtu aliyewahi kumwambia kontrola ile ilikuwa inalinda nini. Kwake ilikuwa ni kitu cha kuwazimia taa.

Nyumba tatu zilizobaki zilikuwa na mambo mengine. Mbili zilikuwa na nyaya zilizoliwa na chumvi kwenye maungio, mpaka shaba imekuwa ya kijani na kuvunjika kama jani kavu. Ya tatu ilikuwa na betri nzima isiyojaa, nasi tulikaa pale karibu saa nzima bila kuelewa, hadi mwenzetu mmoja alipoona kivuli cha kuti la mnazi kikipita kwenye pembe ya paneli. Kwa vile vipande 36 vimefuatana, umeme unapita katika vyote kimoja baada ya kingine, na kimoja kikizibwa mkondo wote hupungua. Tulifanya jaribio: tuliweka pembe ya leso juu ya vipande viwili tu, na mkondo uliosomwa na mita ukashuka chini ya nusu. Mnazi ule ulipandwa baada ya paneli kufungwa na umekua.

Wiki ya 5

Tumefanya hesabu kwenye kibaraza cha duka, mbele ya watu, kwa chaki juu ya kipande cha ubao. Mwalimu alitushauri tusitumie nyumba ya kubuni. Tulitumia nyumba ya mama mmoja anayepika mahamri alfajiri, kwa idhini yake.

Anataka taa nne za wati 5 kwa saa tano kila usiku, na hizo ni wati-saa 100. Simu tatu ni wastani wa wati-saa 40. Redio ya wati 5 kwa saa sita ni wati-saa 30. Jumla ni wati-saa 170 kwa siku. Jua letu, ukiligeuza kuwa saa za jua kali kamili, ni kama saa tano kwa siku, lakini joto la paneli, nyaya na betri hula karibu asilimia 30 ya umeme. Ukigawanya 170 kwa zile saa tatu na nusu zinazobaki utapata paneli ya wati 50. Kwa upande wa betri, ikiwa ni ya risasi na asidi na hatutaki kuishusha chini ya nusu, usiku mmoja unahitaji ampea-saa 28 (170 kugawanywa kwa volti 12, mara mbili), na kama anataka akiba ya siku mbili za mawingu ni zaidi ya 56, kwa hiyo tukaandika 60. Betri ya lithiamu ya fosfati ya chuma huweza kutumiwa hadi asilimia 80, na kwake kama ampea-saa 36 zingetosha kwa siku hizo hizo mbili, ingawa bei yake ya kununulia ni kubwa zaidi.

Upande wa pili wa ubao tuliandika anachotumia sasa. Bei ya mafuta ya taa hutangazwa na serikali kila tarehe 14 ya mwezi, lakini anayenunua kwa kikopo dukani hulipa zaidi ya bei hiyo, maana mafuta yanakuja kwa mashua. Hesabu yake alitutajia mwenyewe, pamoja na pesa anazotoa kuchajiwa simu. Sitaiandika humu kwa kuwa ni siri ya nyumba yake, ila alipouona mwaka mzima umejumlishwa alinyamaza kidogo, kisha akasema: "Hebu nipigieni tena."

Mtu mmoja aliuliza kuhusu pasi na birika la umeme. Tulimjibu kwamba birika la wati 2,000 likichemka kwa dakika tano tu hula karibu umeme wote ambao mama yule anautumia kwa siku nzima. Hatukutaka aondoke akidhani kwamba paneli ya wati 50 itafanya kila kitu, kwa sababu naamini ahadi za namna hiyo ndizo zilizoanza kuziua zile nane.

Wiki ya 6

Mvua imenyesha siku nne mfululizo na bahari imechafuka. Fundi alikuwa aje Alhamisi lakini mashua hazikuondoka Amu. Tumetumia muda huo kuwapimia betri wale wenye mitambo minne inayofanya kazi, kila asubuhi na kila magharibi. Miwili ilihimili. Miwili ilishuka hadi volti 11.9, nasi tukawaomba wenyewe wapunguze taa hadi jua litoke, wakakubali.

Wiki ya 7

Fundi amefika. Alipitia mkondo wa Mkanda, ambao haupitiki ila maji yakijaa, akashukia Mtangawanda na kuja kwa pikipiki, na kazi ilianza saa nane mchana ule ule.

Nyumba mbili za nyaya zilizoliwa na chumvi ziliwaka kabla ya magharibi. Alikata sehemu zilizooza, akaweka vibanio vipya, akapaka grisi kwenye kila ungio ili hewa ya bahari isifike kwenye shaba, na akatuonyesha jambo ambalo hatukulijua: misumari ya chuma cha kawaida ikigusana na fremu ya alumini mahali penye chumvi, kimoja humla mwenzake, kwa hiyo kwetu hutakiwa skrubu za chuma kisichoshika kutu. Paneli ya kivulini aliihamishia upande wa pili wa paa.

Alitueleza pia kuhusu mwinamo. Lamu iko takriban nyuzi 2 kusini mwa ikweta, kwa hiyo jua hupita karibu na utosi mwaka mzima, na paneli iliyolazwa sawasawa ingepata mwanga wa kutosha. Hata hivyo huinamishwa nyuzi 10 hadi 15 ili mvua iteremke na vumbi na chumvi, na ni bora itazame kaskazini, kwa sababu kwa zaidi kidogo ya nusu mwaka jua huwa upande huo, na miezi hiyo ndiyo yenye masika na mawingu mengi ya kusi.

Usiku ule nilipita kwenye njia ya nyumba zile. Watoto walikuwa wamelala kifudifudi mkekani wakiandika, na mlango ulikuwa wazi. Sina la kuongeza hapo.

Wiki ya 8

Wavuvi wa kamba walituita wao wenyewe, na hilo halijawahi kutokea tangu tuanze. Tatizo lao ni barafu. Kamba na samaki wakivuliwa hapa huhitaji barafu hadi wafikishwe sokoni, na barafu huletwa kwa mashua ikiwa imeyeyuka nusu. Walitaka tuwaambie kama sola inaweza kutengeneza barafu.

Tulirudi maabara tukafanya hesabu siku mbili. Kilo moja ya maji yenye joto la nyuzi 30 hutakiwa iondolewe kilojuli 126 ili ifike nyuzi 0, kisha kilojuli 334 nyingine ili igande, jumla 460, sawa na wati-saa 128 za joto. Jokofu nzuri huondoa joto hilo kwa kutumia karibu nusu ya kiasi hicho cha umeme, mbovu kidogo hutumia theluthi mbili. Kilo 20 za barafu kwa siku zitahitaji kama uniti moja na nusu, yaani wati-saa 1,500, na hizo ni paneli za zaidi ya wati 400 kabla ya kuhesabu joto linaloingia kila jokofu linapofunguliwa.

Tuliwaambia ukweli: inawezekana, lakini si kwa mtambo wa nyumba, si kwa mtu mmoja, na si mwaka huu kwa pesa walizotutajia. Niliogopa kwamba watakasirika. Mzee wao alikunja ile karatasi ya hesabu akaitia mfukoni, akasema wataipeleka kwenye kikao chao cha usimamizi wa ufuo. Baada ya hapo wawili kati yao wakatuuliza kuhusu taa za nyumbani kwao.

Wiki ya 9

Baraza la kijiji limefanyika chini ya mwembe baada ya sala ya alasiri. Tulipewa nusu saa, ikawa karibu saa mbili.

Mzee mmoja aliuliza swali ambalo wengi walikuwa nalo: "Yuwa ni la Mola. Kwani nyinyi mwatuuzia nini?" Mwenzetu aliyekuwa akizungumza alianza kueleza habari za silikoni na akapotea njiani. Aliyemwokoa ni mzee mwingine, mchimbaji wa visima, aliyesema kwamba yeye ameshaelewa. Mvua nayo ni ya Mola, akasema, lakini kama huna jabia la kuhifadhia maji utakunywa siku inayonyesha tu. Paneli ni ule uwanda uliosakafiwa unaokinga mvua. Betri ni jabia lenyewe. Ukiteka mchana na usiku bila kuangalia kina, utafika kwenye tope, na tope hilo litaharibu maji mapya. Na jabia lisilosafishwa kabla ya masika si jabia.

Tangu siku ile hatujatumia maelezo mengine. Kisiwa hiki kimekunywa maji ya majabia kwa karne nyingi, na hakuna mtu hapa asiyejua kwamba maji ya bure yanataka ujenzi, kipimo na usafi.

Msichana wa Kidato cha Kwanza, mdogo kuliko sote, alikuwa ametunga ubeti, na aliusoma kwa sauti ya utenzi:

Paneli uisafishe,
vumbi na chumvi uoshe,
betri usiikaushe,
taa iwake daima.

Wanawake waliurudia mara tatu. Nimesikia leo asubuhi watoto wakiuimba kwenye njia ya madrasa.

Jambo kubwa zaidi lilitokea mwishoni, nalo halikutoka kwetu. Yule mama wa mahamri alisimama akasema kwamba nyumba tano zina paneli nzima na hazina betri, na kwamba wanawake wa mtaa wao tayari wana upatu wa kununua vyombo vya harusi. Alipendekeza upatu wa pili, wa betri, kila mwezi nyumba moja, na nyumba ya kwanza iwe ya yule bibi msusi kwa kuwa ndiye mkubwa wao. Wanawake tisa walijiandikisha papo hapo, wanne wao wakiwa hawana paneli bado.

Wiki ya 10

Tumekaa na swali la betri zilizokufa. Watoto walikuwa wameanza kuifungua moja nyuma ya ukuta ili wapate risasi ya kufanyia vyuma vya nyavu, na asidi ilikuwa imemwagika mchangani. Tuliita wazazi siku ile ile.

Jambo hili si dogo katika pwani yetu. Katika mtaa wa Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kiliwaingiza watu na watoto wao sumu ya madini ya risasi mwilini. Phyllis Omido aliwaongoza wakazi kudai haki, akatunukiwa Tuzo ya Goldman ya Mazingira mwaka 2015, na mwezi Julai 2020 mahakama iliamuru walipwe shilingi bilioni 1.3. Hatuwezi kuwasifia watu umeme safi kisha tukawaachia sumu nyuma ya nyumba. Betri zote tano sasa zimewekwa wima ndani ya sanduku la mbao katika ghala la shule, mlango umefungwa kwa kufuli, na fundi atazichukua kwenda kuzikabidhi kwa wanunuzi walioidhinishwa. Kuanzia sasa atakayepokea betri mpya ya upatu lazima kwanza aisalimishe ile kuukuu.

Wiki ya 12

Muhula unaisha Ijumaa. Kati ya paneli nane zilizolala, nne zinafanya kazi: mbili za nyaya, moja ya kivuli, na ya bibi msusi, ambaye alipata betri yake ya kwanza ya upatu Jumapili iliyopita. Nne zinangoja zamu. Nyumba mbili ambazo hazikuwa na paneli zimemwita fundi zenyewe na kumlipa, moja ikiwa ya yule ami aliyetuambia kwamba sola ni ya mwaka mmoja. Mabango kumi tuliyopanga wiki ya kwanza hayajachorwa. Badala yake tumechora kadi moja ndogo inayobandikwa karibu na kontrola, yenye picha ya jabia lililojaa, lililofika nusu na lililokauka, na volti za kila hali: 12.7, 12.1 na 11.8, kwa ajili ya wale wasiosoma vizuri na wale wasioona vizuri.

Yaliyobaki kwa muhula ujao: kupima betri ya bibi kila Jumamosi na kuandika, kumkumbusha mwenye mnazi aufyeke kabla haujaifikia tena paneli, kuuliza kikao cha wavuvi walifikia wapi kuhusu barafu, na kuwafundisha wanafunzi wanne wa Kidato cha Kwanza kutumia mita, akiwamo yule mtunzi wetu. Funguo ya ghala la betri anayo mwalimu, na fundi ameahidi kuja kuzichukua maji yatakapojaa mwanzoni mwa mwezi mpya.